Al-Biruni: Mwanachuoni aliyeuhesabu ubao wa sataranji



Mkazi wa Sumbawanga na wa uwanda wote wa juu wa Ufipa hahitaji kufundishwa gunia la mahindi ni kitu gani. Analilima, analibeba, analiuza, na wakati mwingine analikopa. Analihesabu kwa debe na kwa gunia, na biashara ikiwa kubwa analihesabu kwa tani. Punje hakuna anayezihesabu, kwani nani ana muda huo?

Hata hivyo, siku moja baada ya swala ya Ijumaa niliwakuta vijana wa madrasa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, nikawaomba waondoe vizibo na kuleta mahindi. Niliwaambia waweke punje moja katika chumba cha kwanza cha ubao, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kila chumba kiwe na maradufu ya kile kilichotangulia, mpaka vyumba vyote 64 viishe. Safu ya kwanza ya vyumba 8 ilimaliza punje 255, yaani konzi chache. Walicheka na kuendelea. Walipoikaribia nusu ya safu ya pili, punje hazikutosha tena juu ya ubao, na kicheko kikaisha.

Hesabu ile ni ya kale. Mtu aliyeieleza kwa ufasaha mkubwa kabisa katika zama zake alikuwa Mwislamu, Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni. Leo tutaupitia uhai wake, kwani ndani yake kuna somo linalomhusu mkulima, mkopeshaji, mrithi na mzazi.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Al-Biruni alizaliwa katika mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm. Sehemu hiyo leo imo katika Uzbekistan. Neno birun kwa lugha ya Kiajemi maana yake ni nje, na wanahistoria wanaeleza kuwa aliitwa hivyo kwa sababu alitoka pembezoni mwa mji. Jina hilo lilikuja kusadifu maisha yake, kwani sehemu kubwa ya umri wake aliishi ugenini.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwanamfalme wa ukoo uliotawala Kath, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa hisabati na falaki. Kwa huyo kijana Al-Biruni alijifunza maumbo, pembe na mwendo wa nyota. Mwaka 990, akiwa na umri wa miaka 17 hivi, alipima kimo cha jua la adhuhuri na kwa kipimo hicho akajua latitudo ya mji wake.

Utulivu huo haukudumu. Mwaka 995 vita vilizuka, mtawala wa Kath akauawa, na nchi ikaangukia mikononi mwa mtawala wa Gurganj. Al-Biruni akalazimika kukimbia akiwa na miaka 22 tu.

Hata katika misukosuko hiyo hakuacha kazi. Mwezi wa Mei mwaka 997 palikuwa na kupatwa kwa mwezi. Yeye aliangalia tukio hilo akiwa Kath, na bingwa mwenzake, Abu al-Wafa Al-Buzjani, aliliangalia akiwa Baghdad, kwa mapatano ya kabla. Tukio ni moja, lakini saa za miji miwili si moja. Walipolinganisha walikuta tofauti ya takriban saa moja, na kwa tofauti hiyo wakajua umbali uliopo kati ya miji hiyo kuelekea mashariki.

Msomaji wa Sumbawanga analijua jambo hili kwa vitendo hata kama hajasikia jina la Al-Biruni. Jua la adhuhuri huwafikia watu wa Dar es Salaam takriban nusu saa kabla ya kutufikia sisi, na mwenye kufuturu Ufipa kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam amefuturu mchana. Wengi huiona kama tofauti ya redio tu, kumbe ni umbo la dunia ndilo linalosema.

UBAO WA VYUMBA 64

Kutoka kwao alifika Jurjan, kusini-mashariki mwa bahari ya Kaspi, kwa mtawala Qabus bin Wushmagir. Huko, karibu na mwaka 1000, alipokuwa na umri wa miaka 27 hivi, alimtungia mtawala huyo kitabu Al-Athar al-Baqiya, kinachochambua kalenda, sikukuu na tarehe za mataifa mbalimbali. Humo ndimo alimoiweka hesabu ya sataranji.

Watu walikuwa wakiisimulia kwa punje za ngano. Ilisemekana kuwa mfalme wa Bara Hindi alifurahishwa na aliyeubuni mchezo huo, akamwambia achague zawadi. Mtu yule akaomba punje moja kwa chumba cha kwanza, na maradufu kwa kila chumba kinachofuata. Mfalme aliona ameombwa kitu duni, akakubali papo hapo. Alipoagiza makarani wapige hesabu, wakamjia na habari kwamba hazina yake yote haitoshi.

Al-Biruni hakushughulika na kumcheka mfalme. Alishughulika na njia ya kuifikia nambari yenyewe. Mtu wa kawaida angezidisha kwa mbili mara 63, kisha ajumlishe vyumba vyote 64. Katika kazi ndefu namna hiyo, kosa dogo mwanzoni huharibu kila kinachofuata. Yeye alitumia kanuni mbili zilizoifupisha kazi yote.

Kanuni ya kwanza inasema kwamba jumla ya vyumba vyote mpaka pale ulipofika ni pungufu kwa moja tu ya kile kitakachokuwa katika chumba kinachofuata. Moja, mbili, nne na nane jumla yake ni 15, na chumba kinachofuata kina 16. Kwa hiyo hakuna haja ya kujumlisha vyumba 64. Inatosha kujua ambacho kingekuwemo katika chumba cha 65, lau kingekuwapo, kisha uondoe moja.

Kanuni ya pili inasema kwamba ukiizidisha nambari ya chumba kwa nambari hiyohiyo, unaruka mbele kwa hatua zilezile ulizotoka nazo mwanzo. Chumba cha tatu kina 4, na 4 mara 4 ni 16, ambayo ni ya chumba cha tano. Mara 16 kwa 16 ni 256, ya chumba cha 9. Mara 256 kwa 256 ni 65,536, ya chumba cha 17. Hiyo nayo ikizidishwa kwa nafsi yake inatoa 4,294,967,296, ya chumba cha 33. Mara moja tena, umefika chumba cha 65. Ondoa moja, na jibu ni 18,446,744,073,709,551,615.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi safari ya hatua 63 ilivyokuwa ya hatua 6 tu, pamoja na kutoa moja. Nambari haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni hofu ya kuiendea.

Kisha alifanya jambo la mwalimu wa kweli. Alijua kuwa tarakimu 20 hazimwingii mtu akilini, hivyo akaigawa nambari ile kwa mambo ambayo watu wa nchi yake waliyaona kila siku. Aliichukulia kuwa ni dirham, akaitia katika mifuko ya dirham 10,000. Akampakia kila nyumbu wa mizigo mifuko 8. Akawakusanya nyumbu katika makundi ya 10,000, akaweka makundi 1,000 kando ya kila mto, na akakadiria mito 10,000 itokayo katika kila mlima. Baada ya yote hayo ilihitajika milima 2,305, na akaona kuwa dunia haina nafasi ya kuyabeba hayo.

Nasi tufuate mfano wake kwa mali ya Ufipa. Tukadirie kuwa gunia la kilo 100 lina punje 300,000 za mahindi. Chumba cha 21 kitahitaji magunia matatu na nusu, mzigo ambao mkokoteni unauweza. Chumba cha 31 kitahitaji magunia zaidi ya 3,500, na hayo ni ya malori. Chumba cha 41 peke yake kitahitaji magunia zaidi ya 3,600,000. Kila ukivuka vyumba 10, shehena inazidi mara 1,024. Ubao wote utataka magunia zaidi ya trilioni 61. Mahindi hayo yakimwagwa sawasawa juu ya mkoa mzima wa Rukwa, yataufunika kwa kina cha zaidi ya mita 300. Kwa mavuno ya sasa ya mahindi duniani kote, itachukua takriban miaka 5,000 kuyapata.

Nambari hiyo ina siri nyingine. Ni witiri, na inagawanyika kamili kwa 3, kwa 5, kwa 17, kwa 257 na kwa 65,537. Ukiangalia vizuri utaona kuwa hizo ni zile nambari za ngazi ya Al-Biruni, yaani 2, 4, 16, 256 na 65,536, kila moja ikiongezwa moja. Sababu ni kwamba nambari yoyote ikizidishwa kwa nafsi yake kisha ikaondolewa moja, kinachobaki hugawanyika kwa nambari ile iliyoongezwa moja na kwa nambari ile iliyopunguzwa moja. Mara 16 kwa 16 kutoa moja ni 255, nayo ni 17 mara 15.

Ngazi ya mwisho inatoa 4,294,967,297. Katika karne ya 17 bwana Fermat wa Ufaransa alidhani kuwa hiyo ni nambari tasa, isiyogawanyika kwa nyingine isipokuwa moja na nafsi yake. Mwaka 1732 Euler akabainisha kuwa sivyo, kwani ni 641 mara 6,700,417. Hivyo nambari ya ubao wa sataranji ina vigawo saba vilivyo tasa, na mabingwa wakubwa walikosea kabla ya kuvipata vyote. Zaidi ya hayo, hiyo ndiyo nambari kubwa kabisa inayoenea katika nafasi 64 za ndiyo na hapana ambazo kompyuta na simu za siku hizi hutumia kuhesabia. Kijana mwenye simu ya kisasa mfukoni pale stendi ya Sumbawanga anatembea na ubao wa Al-Biruni bila kujua.

MATEKA WA SULTANI

Tuurejee uhai wake. Al-Biruni alirudi Khwarazm karibu na mwaka 1004, akawa mshauri wa mtawala wa huko. Mwaka 1017 mtawala huyo aliuawa katika uasi wa jeshi lake, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaivamia nchi na kuiteka. Al-Biruni, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alipelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, pamoja na mwalimu wake Abu Nasr. Hakuenda kwa hiari yake.

Wengi wangekata tamaa. Yeye aliyageuza mateka kuwa chuo. Mahmud alikuwa akiendesha vita katika Bara Hindi, na Al-Biruni akapata njia ya kufika huko. Akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, akasoma vitabu vyao, na karibu na mwaka 1030 akatunga kitabu kikubwa juu ya nchi hiyo. Aliwaeleza watu ambao hakuwa wa dini yao kwa insafu, akinakili wanayoyasema wenyewe badala ya kuwazulia. Humo alieleza pia jinsi Wahindi walivyokuwa na majina ya daraja za hesabu hadi ya 18, ilhali Waarabu waliishia kwenye elfu na kuikariri. Sisi Waswahili tunalo deni katika habari hiyo, kwani neno letu laki lilitoka Bara Hindi.

Karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, alipanda kilima kinachotazama uwanda mpana. Alikuwa amekipima urefu wake. Kutoka kileleni akapima ni kiasi gani upeo wa macho umeshuka chini ya usawa wa jicho, na kwa pembe hiyo ndogo akakokotoa ukubwa wa dunia nzima, akafika karibu na kipimo kinachojulikana leo. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa Ufipa akaliangalia bonde la Ziwa Rukwa chini yake anaweza kufikiria mahali pale palivyokuwa. Sisi husimama, tukafurahia mandhari, tukaondoka. Yeye aliondoka na kipimo cha ardhi.

Mwaka 1025 alikamilisha kitabu juu ya kupanga mahali pa miji, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa kuwapatia watu wa Ghazna mwelekeo sahihi wa kibla. Mwaka 1029 aliandika kitabu cha kufundishia, Al-Tafhim, kwa maswali na majibu, kikianza na maumbo na hesabu kabla ya nyota. Alimtungia mwanamke wa Khwarazm aitwaye Rayhana binti Al-Hasan aliyetaka kujifunza. Wazazi wanaowatoa mabinti katika somo la hisabati kwa kudai kuwa si lao waizingatie tarehe hiyo.

Baada ya Mahmud alitawala mwanawe, Masud, na Al-Biruni akamtungia kitabu chake kikuu cha falaki, Al-Qanun al-Masudi. Wanahistoria wanasimulia kuwa Sultani alimpelekea zawadi ya fedha kiasi cha mzigo wa tembo, naye akairudisha hazina, akieleza kuwa hana haja nayo. Aliyekwisha kuona kwa hesabu kwamba mali inaweza kujaza milima 2,305 na bado isitoshe, hakushangazwa na mzigo wa tembo mmoja.

HESABU NI AMANA

Kwa nini tunayasema haya katika ukurasa wa Ijumaa? Ni kwa sababu mfalme wa sataranji hakuangamizwa na adui. Aliangamizwa na neno ndiyo alilolitamka kabla ya kuhesabu.

Wafalme wa namna hiyo tunao vijijini. Katika miezi ya njaa, Januari na Februari, mahindi yakiwa bado shambani, mtu hukopa gunia moja kwa ahadi ya kulipa mawili baada ya mavuno. Linaonekana jambo dogo, kama punje za safu ya kwanza. Mvua ikikatika, mawili yanageuka manne, na manne yanageuka manane. Deni la gunia moja likiongezwa maradufu kwa misimu 10 linakuwa magunia 1,024, na shamba limekwisha kwenda. Dini yetu imeharamisha riba, na Qur'ani imelitaja waziwazi hilo la kuzidisha maradufu juu ya maradufu. Asiyeelewa hekima yake na auchukue ubao wa drafti na debe la mahindi, ajionee mwenyewe ni chumba gani kitamshinda.

Na anayekopesha asijidanganye kuwa anasaidia. Msaada hauna ngazi ya namna hiyo.

KUFARIKI KWAKE

Al-Biruni aliacha zaidi ya vitabu na risala 100, za falaki, hisabati, madini, dawa na historia, na nyingi kati ya hizo zimepotea. Alifariki Ghazna kati ya mwaka 1048 na 1050, akiwa ameupita umri wa miaka 70.

Inasimuliwa kuwa alipokuwa katika sakarati, pumzi zikimkatika, alizuriwa na faqihi mmoja rafiki yake. Al-Biruni akamkumbusha masuala waliyowahi kuyazungumza, ya mafungu ya mabibi katika mirathi, akataka aelezwe upya. Faqihi alimwonea huruma, akashangaa vipi mtu katika hali ile anauliza hesabu ya mirathi. Mgonjwa akajibu kwamba kuiaga dunia akiwa anaijua masuala hiyo ni bora kuliko kuiaga akiwa haijui. Faqihi akamweleza, naye akairudia mpaka akaihifadhi. Mgeni alipotoka, kabla hajafika mbali, akasikia kilio kutoka katika nyumba ile.

Aliyeufikia ukomo wa ubao wa sataranji alimaliza uhai wake akiulizia fungu la bibi. Kwake nambari ya tarakimu 20 na sehemu ndogo ya urithi wa kikongwe zilikuwa na heshima moja, kwani katika zote mbili kukosea ni kudhulumu au kudhulumiwa. Wangapi kati yetu tumeshuhudia shamba la marehemu likigawanywa kwa sauti ya aliye mkali zaidi, na mjane akitoka mikono mitupu, si kwa sababu fungu lake halijulikani bali kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kalamu?

Basi mtoto wako akirudi kutoka shuleni au madrasa akilalamika kuwa hesabu ni ngumu, usimwambie kuwa hata wewe ilikushinda. Mletee debe la mahindi na ubao, kaa naye, mwonyeshe kwamba hatua 63 zinaweza kuwa 6.

Tunamuomba Allah amrehemu Abu Rayhan Al-Biruni, atulipie madeni yetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo. Wabillahi Tawfiq.